Daftari la Aliyoyasahau Bibi

Harufu ya wali wa nazi ulioungua haina haya. Inaingia kwenye mapazia, inalala kwenye zulia, inakufuata mpaka kwenye nguo zilizokunjwa kabatini, na ukidhani imekwisha, siku ya mvua inarudi tena kukusalimu. Kwetu Falls Church, katika fleti ya ghorofa ya pili nyuma ya barabara ya Route 7, harufu hiyo ilikaa nasi karibu wiki nzima katika likizo ya kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Hata leo nikipita mahali mtu ameunguza nazi, shingo inanipata joto kabla sijafikiri lolote. Niliwahi kumweleza mume wangu akacheka, akasema hakuna nyumba ya Waswahili ambayo haijawahi kuunguza wali. Ni kweli. Ila si kila nyumba imemwondoa mtu kwa sababu hiyo.

Mtu huyo alikuwa Bibi yangu mzaa baba. Alikuja kwetu mwezi wa nne mwaka ule kutoka Muheza, na sanduku moja, mkeka, na mbuzi ya kukunia nazi aliyoizungushia kanga tatu ili isivunjike njiani, kana kwamba huku Virginia hakuna kitu cha kukunia. Baba alikuwa akitoka alfajiri kwenda Sterling, kwenye majengo yasiyo na madirisha yanayotunza habari za dunia nzima, na Mama alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee upande wa pili wa barabara kuu ya Beltway. Ikaonekana vizuri Bibi akae nami mchana, yeye anilee na mimi nimtafsirie. Tulilala chumba kimoja. Aliniita mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, na akinigombeza kwa kuacha shuka bila kutandika alisema marehemu mume wetu hakupenda wanawake wavivu. Kiswahili nilikielewa chote, ila kujibu nilijibu kwa Kiingereza, mpaka Bibi alipokuja na kugoma kabisa kusikia. Nikimjibu kwa Kiingereza alikuwa anageuka kuangalia nyuma, kama anayemtafuta mgeni aliyeingia bila hodi. Kwa hiyo lugha ninayoandikia leo ni ya kwake.

Bibi hakuamini karatasi. Alikuwa ameuza machungwa maisha yake yote, na alisema mtu anayeandika kila kitu anakifundisha kichwa uvivu. Chini ya mteremko, ng'ambo ya maegesho ya magari, palikuwa na duka la Mhabeshi mmoja mzee, na kila siku Bibi alinituma huko kwa mdomo: vitunguu, nyanya, kopo la tui kwa siku asizotaka kukuna nazi, ndimu, chumvi. Wiki za mwanzo nilirudi na viwili kati ya vinne. Hakukasirika. Alinikalisha jikoni akaniambia kwamba kichwa kina kiganja chake. Kiganja cha mtoto kinashika machungwa mawili, cha mtu mzima matatu au manne, na ukilazimisha jingine, moja linaanguka, na ubaya wake ni kwamba hulisikii likianguka. Kisha akanifundisha kubeba. Kwanza, midomo isikae kimya: vitunguu, nyanya, ndimu, vitunguu, nyanya, ndimu, mpaka mlangoni kwa Mhabeshi. Pili, vinavyoingia chungu kimoja vifungwe pamoja, maana vitunguu, nyanya na tui si vitu vitatu, ni mchuzi mmoja. Tatu, nisimsalimu mtu njiani.

Hilo la tatu lilinishangaza, kwa sababu ni yeye huyo huyo aliyekuwa akinifinya nikipita mtu mzima bila shikamoo. Lakini alijua anachosema. Salamu zetu si neno moja. Ghorofa ya chini alikaa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mwanamke mwenye moyo mkubwa na maswali mengi, na ukimwamkia utaulizwa umeamkaje, mama ameamkaje, baba yupo, mzee amelala vizuri, shule inafunguliwa lini. Kila swali lina jibu lake, na kila jibu linasukuma kitu. Nikifika dukani nilikuwa nimebeba heshima tupu, vitunguu vyote vimebaki ngazini. Ndipo Bibi akanipa ruhusa ya kupita ngazi za nyuma kila nikitumwa. Ndiyo ruhusa pekee ya kukosa adabu niliyowahi kupewa katika familia yetu, na niliitumia vizuri mno. Mwezi wa sita nilikuwa naleta vitu vinane bila kukosea. Yeye mwenyewe, akiwa na jambo asilotaka limtoroke, alipiga fundo kwenye pindo la kanga, na jambo likishatimia alilifungua.

Siku ya wali ilikuwa alasiri ya joto kali. Chungu kilikuwa jikoni, Bibi ametoka kutawadha. Alipofika sebuleni kutandika mkeka, akaniambia, "Mke mwenzangu, kazime jiko, mimi naanza kuswali." Nikanyanyuka kwenye televisheni. Nilinyanyuka kweli, nataka hilo lijulikane. Nilikwenda nikisema kimoyomoyo zima jiko, zima jiko, kama nilivyofundishwa. Zikiwa zimebaki hatua nne, simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Mama, akipiga kutoka kazini. Alitaka namba iliyokuwa kwenye barua yake ya maombi ya leseni, ile aliyoibandika kwenye friji. Ilikuwa namba ndefu, yenye tarakimu kumi na kitu. Nikaisoma mbili mbili, naye akairudia mbili mbili, tukakosea katikati tukaanza upya. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado. Akakata. Nami nikarudi kwenye televisheni nikiwa na zile namba bado zinanizunguka kichwani. Chungwa lilikuwa limeshaanguka, na kama Bibi alivyosema, sikulisikia.

King'ora cha moshi ndicho kilichosikika. Jengo zima likatoka nje. Watu wa gari la zimamoto wakapanda na mabuti yao, wakashuka wameshika chungu cheusi. Bibi alisimama kwenye lami ya maegesho, miguu mitupu, bado kajifunga kanga za kuswalia, akihamisha uzito mguu huu na huu kwa sababu ya moto wa lami. Mama alifika muda si mrefu, na sare yake ya kazi. Akauliza nani ameacha jiko. Nikajibu kwa Kiingereza, haraka, kwamba Bibi amesahau. Bibi hakujua Kiingereza, lakini jina lake alilijua, na uso wangu aliujua zaidi. Aliniangalia kidogo. Kisha akamwambia Mama, "Ni uzee, mwanangu." Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa muda ambao sikuuelewa, halafu akasema haya, tupande juu.

Kesho yake menejimenti ya jengo ilileta barua ya onyo, na keshokutwa Mama alinichukua kwenye gari, akazima injini hapo hapo kwenye maegesho, akatoa daftari jipya lenye jalada la njano. Alisema Bibi anaumwa ugonjwa wa kusahau, na daktari hawezi kumsaidia bila kujua anasahau nini. Kila atakachosahau nikiandike. "Ni la daktari tu," aliniambia. "Hatalisoma mtu mwingine. Na Bibi usimwambie, utamuumiza." Nikaapa. Mstari wa kwanza nilioandika ulikuwa wa jiko. Mkono ulisita, lakini uliandika, na baada ya uongo wa kwanza kuwa mstari, yote yaliyofuata yalikuwa mepesi. Ametafuta miwani na miwani iko kichwani. Ameniita kwa jina la shangazi. Ameuliza leo siku gani mara mbili. Ametia chumvi mara mbili. Jioni Mama alipitisha macho akanishika kichwa, akasema mwanangu una akili. Mama hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo. Nikaanza kumvizia Bibi kusudi ili nipate cha kuandika. Aliyoyakumbuka sikuyaandika, wala hayakuhesabika: sura ndefu alizozisoma bila msahafu, majina ya wajukuu wote na siku walizozaliwa, na orodha zangu za dukani, ambazo hakukosea hata siku moja kunihakiki nikirudi. Siku moja alinikuta naandika, akauliza ni nini. Nikasema kazi ya shule. Akasema niandike vizuri, elimu haina mwisho, akaenda akaniletea chungwa amelimenya tayari, ametoa na kokwa.

Kwa daktari tulikwenda watatu, Baba yuko kazini. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Daktari, kijana mpole mwenye soksi za rangi rangi, alitoa maneno manne ya kukumbuka nami nikayatafsiri: ndoo, shangazi, mvua, kijiko. Kisha akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini, akamuuliza habari za safari na watoto, ili kumtoa mawazo. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya Bibi chini ya kanga vikipiga fundo. Alipoulizwa, akasema kwamba shangazi alikinga mvua kwa ndoo akasahau kijiko nje. Daktari alicheka kwa furaha. Akaeleza, nami nikatafsiri, kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ni ndogo kwa kila mtu, hata yeye. Inashika vitu vichache kwa sekunde chache tu, na ikikatizwa na jambo jingine inaachia; lakini kitu kikirudiwarudiwa, au vitu vikifungwa pamoja vikawa kimoja, vinakaa. Bibi akaniambia nimuulize kama na yeye amewahi kuuza machungwa. Mwisho daktari akasema kwa umri wake kichwa chake ni kizima, na kusahau jiko mara moja hata yeye kumemtokea. Niliitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno, na Bibi akashukuru Mungu. Nikamgeukia Mama nione anavyofurahi. Alikuwa anatafuta funguo za gari kwenye mkoba, na humo mkobani nililiona daftari la njano. Hakulitoa.

Alilitoa Jumapili. Baada ya chakula cha mchana Baba alikwangua kadi ya simu, akapiga Muheza, akaweka sauti ya nje wote tusikie. Kule walikuwa wamekusanyika baba zangu wakubwa na wadogo na shangazi, wamezunguka simu moja. Bibi alikaa kwenye kochi amevaa kanga mpya, anajua ni salamu. Mama akasalimia wote kwa adabu, akasema kuna jambo la kuzungumza kuhusu afya ya mama yetu, akafungua daftari. Alisoma mstari kwa mstari, anageuza Kiingereza changu kuwa Kiswahili kizuri kilichonyooka, akianzia na jiko. Miwani. Jina la shangazi. Chumvi. Kule ng'ambo wakawa wanaguna, wanasema masikini mama. Bibi alikuwa anaangalia mikono ya Mama, halafu jalada la njano, halafu mimi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo nilijua wao walimwonea huruma anayeliwa, hawakusema lolote juu ya mtoto anayegundua kwamba yeye ndiye chawa aliyetiwa kwenye nguo.

Bibi akasema, taratibu, kwamba daktari mwenyewe amesema kichwa chake kizima. Mama akamjibu kwa upole, na upole ule ndio ulionikata maini. "Mama, umesahau. Daktari hakusema hivyo." Baba akanigeukia, kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi, akaniuliza daktari alisemaje. Nilimwangalia Mama. Hakunikunjia uso, hakunitisha. Alinitazama vile vile alivyonitazama kwenye maegesho siku ya moto, muda mrefu, ametulia. Nikafungua mdomo. Nikasema sikumbuki.

Waliamua Bibi arudi Muheza akaangaliwe na binti zake. Mimi niliambiwa anakwenda kupumzika, atarudi mwezi wa kumi na mbili. Siku ya kuondoka Mama Furaha alishuka na sanduku la Bibi mpaka kwenye gari, akamwambia Baba mbele yetu, "Uyu mama hana bugonjwa. Alikosa tu mutu wa kusemezana naye." Mama akajifanya hakusikia. Kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, kabla ya kupita kule tusikoruhusiwa, Bibi alipiga fundo kwenye pindo la kanga, akaniambia hili ni la kurudi. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba jiko letu lilikuwa na mafahali wawili wa kike tangu mwezi wa nne. Bado nilihesabu miezi mpaka wa kumi na mbili. Hakurudi. Kila alipopigiwa simu aliniulizia, na kila akimaliza kuzungumza nami alisema, "Mke mwenzangu, jiko mmezima?" Watu wote walicheka, kule na huku. Walisema mnaona, hajui hata mwaka gani, bado yuko kwenye jiko. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba ananitania, na kwamba utani ule ndio msamaha wake. Alifariki mwaka wa tatu tangu aondoke, na fundo lake sijui nani alilifungua.

Sasa nina miaka thelathini na moja. Ninakaa Sterling, karibu na yale majengo yasiyo na madirisha, ambayo yameongezeka mpaka yamekuwa majirani zetu wakuu. Baba hayupo tena. Mama anakaa nami, na Mama anasahau. Si kusahau kwa miwani na chumvi, kusahau kwenyewe. Kiganja chake hakishiki tena hata chungwa moja. Ataniuliza kama nimekula, nitamjibu, atafuta meza, ataniuliza tena. Ya zamani anayo yote, yamenyooka kama yaliyopigwa pasi. Daktari wake ameniambia ninunue daftari, niwe naandika anachosahau. Nililinunua siku hiyo hiyo. Nilichukua la bluu, na nililiweka juu ya friji miezi miwili bila kulifungua.

Juzi mchana nilikuwa nimebandika wali, naye amekaa mezani anachambua mchele mwingine ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Pengine ni ile harufu ya nazi. Akasema, bila kuulizwa, "Masikini mama wa watu. Jiko lile hakuliacha yeye."

Nikamuuliza jiko lipi, ingawa nilishajua.

"La Falls Church. Si uliniambia kwenye simu? Ulisema, ngoja Mama, Bibi kanituma nizime jiko. Nikakwambia nisomee namba kwanza." Alikuwa anaeleza kama mtu anayekumbushia harusi ya jirani.

Maneno hayo ya simuni mimi sina. Nimeyatafuta tangu juzi, siyapati. Namba ziliyasukuma yakaanguka. Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ile ile, alipotuona tumesimama kwenye maegesho. Miaka ishirini nimebeba uongo wangu nikidhani ninamficha, na yeye alikuwa ameushika upande wa pili, ameukagua, ameuona unafaa, akaununulia daftari. Alijua mstari wa kwanza ni uongo wakati anaponisifu kwa kuuandika. Alijua wakati anausoma Jumapili. Na aliponitazama wakati Baba ananiuliza, alikuwa anajua hasa nitajibu nini, kwa sababu mtoto aliyekwisha kumsingizia mtu mara moja hana pa kurudi.

"Kwa nini ulisoma lile daftari, Mama?"

Aliinua uso kutoka kwenye mchele, akanitazama. Muda mrefu, ametulia. Nikautambua mtazamo ule.

"Daftari gani?" akasema. Kisha, "Umekula?"

Sitajua kama alikuwa amesahau au alikuwa amejificha humo, mahali ambapo hakuna anayeweza kumfuata. Nilitaka kumgombeza. Lakini utamgombezaje mtu ambaye nusu dakika baadaye atakuuliza kwa nini unalia, na atakuletea maji? Zamani nilikuwa na Bibi aliyejua kila kitu akanisamehe bila kusema, na Mama aliyejua kila kitu akanitumia bila kusema. Leo Bibi hayupo wa kumwomba radhi, na Mama hayupo wa kumdai, ingawa ameketi hapa mbele yangu anachagua mchele. Nina hasira, na hasira yangu haina mlango wa kubisha. Nikamwambia nimekula.

Jana nililishusha daftari la bluu. Niliandika mstari mmoja: jiko nililiacha mimi. Niliuandika kwa Kiswahili, na wiki ijayo daktari akiufungua ukurasa ule atauliza maana yake, na mkalimani ni mimi.